Siku Tulipocheza Kuhama Busisi

Salma amenitaka niandike, na Salma akikutaka jambo hakuachi mpaka ulitimize. Anasema vijana walioajiriwa juzijuzi wanazikuta modeli zetu kwenye kompyuta zikiwa zimekamilika, lakini hawajui zilitoka wapi, nani alizilea, wala mara ngapi zilitutia aibu mbele za watu. Basi nimekaa hapa nyumbani Buhongwa, kuku wanapita miguuni, ninaandika. Vyeo sitavitaja, wala mishahara. Mwenye hamu navyo akaulize utumishi. Faili langu ni nene na halina kisa hata kimoja.

Nilianza maisha ya kazi nikiwa mwalimu wa hisabati. Nilipenda kufundisha, ila vumbi la chaki halikunipenda mimi, na daktari akanishauri nitafute kazi ya kukohoa kidogo. Nikasikia kuna ofisi ya utafiti mjini Mwanza inatafuta mtu anayejua hesabu na anayejua Kisukuma. Nilikuwa navyo vyote viwili. Aliyenipokea ni Dokta Bwire, Mjita wa upande wa Musoma, mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kuvua miwani kila anapotaka kusema jambo zito. Siku ya kwanza nilivaa nguo ya kanisani nikitegemea kuonyeshwa kompyuta. Kompyuta ilikuwepo, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama televisheni ya sebuleni. Hakuifunua.

"Kabula," aliniambia, "nenda Mwaloni Kirumba. Kaa pale mpaka mchana. Usinunue kitu."

"Nikafanye nini, dokta?"

"Kaangalie nani anamwangalia nani."

Nilikwenda. Nilikaa sokoni na nguo yangu ya kanisani katikati ya magunia ya dagaa, nikarudi ninanuka kama gunia lenyewe. Akaniuliza nimeona nini. Nikasema nimeona samaki. "Samaki tumeshawaona," akasema. "Kesho rudi."

Nilirudi kesho yake na keshokutwa yake, nimeshikwa na hasira. Siku hiyo ya mwisho ndipo nilipoona. Mnunuzi mgeni akiingia sokoni hazunguki kutafuta bei. Anatazama wanunuzi wengine wamesimama wapi, anakwenda kusimama hapohapo, halafu anauliza bei. Muuzaji aliyezungukwa na watu anazidi kuzungukwa, na jirani yake mwenye dagaa walewale anafukuza nzi. Nilipomweleza Dokta Bwire alivua miwani, akaenda kwenye kompyuta, akakunja kile kitambaa vizuri, akakiweka kando. "Sasa tunaweza kuiwasha," akasema.

Kwa wale ambao hawajawahi kuona kazi yetu, nieleze kwa kifupi. Ukitaka kujua jamii kubwa itabadilika vipi, tuseme itaacha mkaa au itahama mji, unaweza kuandika hesabu moja ya jamii nzima, kana kwamba watu wote ni maji ya mtungi mmoja. Sisi hatukufanya hivyo. Tuliumba watu ndani ya kompyuta, mmojammoja, kila mmoja na nyumba yake, shida zake, uvumilivu wake na majirani anaowatazama. Tuliwapa kanuni chache za maisha, kisha tukawaacha waishi tuone kitakachotokea. Hakuna aliyewaamuru waanzishe soko, lakini soko lilitokea. Hakuna aliyewaamuru wakimbie, lakini kuna siku walikimbia wote.

Jina la kitaalamu la watu hao ni mawakala, na katika nchi hii neno hilo lina wenyewe. Tulipobandika mlangoni karatasi iliyoandikwa "Modeli za Mawakala", watu walianza kuingia na simu mkononi. Mama mmoja alitaka kumtumia mwanawe hela Magu. Alikaa kwenye benchi letu akakataa kuondoka mpaka aelezwe ni mawakala gani hawa wasiotoa huduma. Dokta alimfafanulia kwa upole kwamba mawakala wetu wamo ndani ya kompyuta.

"Basi waite," mama akasema.

Karatasi ilibanduliwa kesho yake. Tangu hapo tukawaita vijitu, na jina hilo ndilo mtakaloliona katika mafaili yote ya zamani. Lina dharau kidogo, lakini halikuwahi kutuletea foleni.

Salma alikuja miaka kadhaa baadaye, ametoka chuo moja kwa moja. Ni mtoto wa mjini hapahapa; kwao ni mafundi cherehani tangu kwa babu yake. Siku ya kwanza alinipigia shikamoo, akaketi kwenye kiti changu bila kujua ni changu, akaanza kurekebisha programu niliyoiandika mwenyewe. Nilipoona imeanza kwenda haraka kuliko zamani nilitafuta kiti kingine.

Kesi yetu ngumu ya kwanza pamoja ilikuwa ya karabai, zile taa za mafuta za kupampu ambazo wavuvi wa dagaa walizitumia kuvutia samaki. Taa za sola zilikuwa zimeshafika madukani, na tulitakiwa tueleze kwa nini wavuvi hawazitaki. Tuliumba vijitu vyenye mitumbwi, tukavipa bei ya mafuta na bei ya sola, tukaviacha vichague. Vijitu vyote vilihamia sola kabla hatujamaliza chai. Ziwani, karabai ziliendelea kuwaka.

Tukafunga safari za kuzunguka mialo, zile fukwe wanakotia nanga wavuvi. Tulikuta jambo la ajabu: mwalo huu umehamia sola wote, na mwalo wa jirani, wenye wavuvi wa ukoo mmoja na bei zilezile, hauna hata mmoja. Tulihoji watu mpaka tukaishiwa maswali. Mchana mmoja tulikuwa kisiwani tunasubiri boti, simu ya Salma ikazimika, akauliza fundi yuko wapi. Akaonyeshwa kibanda cha mabati. Mezani kwa fundi, katikati ya simu zilizofumuliwa, kulikuwa na taa za sola zinangoja kuchomelewa waya.

Salma alirudi anakimbia. "Mama, kule mwalo wa jana kuna fundi simu?"

Hakukuwa na fundi simu. Wala kwenye mwalo mwingine wowote uliokuwa bado na karabai. Mvuvi alikuwa tayari kununua taa mpya, lakini hakuwa tayari kuwa na taa mbovu ambayo hakuna wa kuifungua. Tukaongeza kanuni hiyo moja, na vijitu vikaanza kufanana na watu: kimya kwa muda mrefu, halafu mwalo mzima kwa mpigo. Dokta Bwire alicheka, jambo la nadra, akasema fundi yule anastahili kujengewa sanamu, ila asiambiwe asije akapandisha bei.

Nimeandika hayo mjue tulikuwa watu gani tulipofika Busisi.

Nguzo za daraja zilikuwa zimeshaanza kuonekana juu ya maji kati ya Kigongo na Busisi. Kila aliyesubiri kivuko alikuwa anazitazama. Kwa msafiri wa Sengerema na Geita zilikuwa furaha tupu. Nani asiyejua foleni ya pale, lori la mahindi mbele yako, gari la wagonjwa nyuma yako, na kivuko kiko ng'ambo? Lakini foleni hiyohiyo ilikuwa inalisha mji mzima. Abiria wakishuka kusubiri walikula. Kulikuwa na wakaanga samaki, wauza chai na chapati, wauza ndizi, wauza michembe na matobolwa ya viazi vitamu vilivyokaushwa, wapagazi, wachuuzi waliouza soda na karanga juu ya kivuko chenyewe. Ofisi yetu ilipewa swali: daraja likifunguliwa, watu hawa watakwenda wapi? Wakati huo mimi ndiye niliyekuwa nikisimamia kitengo. Dokta Bwire alikuwa amestaafu kwa karatasi, ila kila wiki alikuja kunywa chai na kututia wasiwasi.

Tulikaa Busisi siku nyingi na madodoso yetu. Kiongozi wa wakaanga samaki alikuwa Mama Nyamizi, mwanamke mpana mwenye sauti ndogo, mjane, analea wajukuu. Hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti, na hakuna aliyewahi kumkatiza. Yeye ndiye aliyetupitisha kwa kila meza. Swali letu kubwa lilikuwa moja: ukiona majirani wameanza kuondoka, utaondoka lini? Wengine walisema akiondoka mmoja tu, nami nafunga. Wengine walisema nikiona nusu ya watu hawapo. Wachache walisema hawataondoka mpaka maji ya ziwa yakauke.

Tukayatia majibu hayo kwenye modeli. Tuliiendesha tena na tena, kila mara tukibadilisha bahati kidogo, nani apate mgonjwa nyumbani, nani apate mwaliko wa ndugu mjini. Kila mara ilituonyesha picha ileile. Soko halikufa siku ya kufunguliwa daraja. Lilikufa mapema, kivuko kikiwa bado kinafanya kazi na abiria wakiwa bado na njaa. Mwenye hofu zaidi aliondoka, aliyemfuata kwa hofu akamwona akaondoka, na hofu ikapita meza hadi meza mpaka kwa wale wa maji yakauke. Kila mmoja alikwenda kivyake, akafungua meza mahali pa upweke, na msafiri, kama yule mnunuzi niliyemwona Mwaloni, hasimami penye meza moja. Palikuwa na picha nyingine moja iliyotoka vizuri. Vijitu vilipohama kwa makundi, wakaanga samaki pamoja, wauza ndizi pamoja, na kwenda kukaa penye kituo kimoja cha mabasi barabarani, wengi wao walibaki na wateja.

Salma alitaka twende tukawaambie siku ileile. Dokta Bwire alivua miwani.

"Kijitu hakisikii tunachokisema juu yake," akasema. "Mtu anasikia. Mkienda Busisi kuwaambia kwamba watakimbia, mtakuwa ndio mliopiga filimbi. Soko litavunjika kwa mdomo wenu."

"Na tusipowaambia, dokta?" Salma akauliza. "Si litavunjika vilevile? Tofauti ni kwamba sisi tulijua."

"Tofauti ni kwamba hamkulivunja ninyi."

Waliendelea hivyo mpaka chai ikapoa, na wote wawili walikuwa na haki. Halafu wakanigeukia mimi. Nilisema nitafikiri. Nilifikiri kwa siku kadhaa na sikupata kitu. Katika kazi yetu nzima tulikuwa tumezoea kuwatazama watu kwa mbali kama mtu anayetazama sisimizi, na sasa sisimizi walikuwa na majina, na walikuwa wametukaribisha sato wa kukaanga.

Nilirudi Busisi kwa kisingizio cha kuhakiki majibu. Mama Nyamizi alinikaribisha kiti, akanitazama huku anageuza samaki kwenye mafuta.

"Dada Kabula, wewe kuna kitu unakijua," akasema kwa ile sauti yake ndogo. "Uso wako si ule wa mwezi uliopita."

Nilianza kupekua madodoso yangu.

"Sikuulizi. Na usiniambie peke yangu. Ukiniambia peke yangu, kesho hunikuti hapa, nina wajukuu. Kama ni la kusema, liseme kwa wote, siku moja, saa moja."

Nilivuka na kivuko kurudi Mwanza nikiwa nimeamua. Siku zile sikujua kama nimeamua vizuri. Nilijua tu kwamba mtu aliyeniambia waziwazi kwamba atakuwa wa kwanza kukimbia ndiye niliyemwamini kuliko wote.

Tulipata kibali cha viongozi wa mtaa, tukaita mkutano kwenye uwanja wa shule siku ya Jumapili baada ya ibada. Tulibeba jenereta, projekta na shuka nyeupe ya kwangu mwenyewe, ili watu wavione vijitu kwa macho yao. Watu walijaa. Dokta Bwire naye alikuja, amevaa kofia ya jua, akasema amekuja kushuhudia tunavyoharibu. Jua lilikuwa kali kiasi kwamba kwenye shuka hakukuonekana chochote, na upepo wa ziwa ukaanza kuipeperusha kama nguo iliyoanikwa. Mzee mmoja akauliza kama sinema ni ya weupe mtupu. Salma alihangaika na nyaya, na mimi nikasimama pale nikiona kazi yetu yote inaishia kwenye kicheko.

Ndipo Salma akaja karibu akaninong'oneza. "Mama, vijitu vya nini? Si watu wenyewe hawa hapa."

Tulichanachana karatasi za rangi tulizokuja nazo. Nyekundu ilimaanisha: ukiona jirani mmoja ameondoka, ondoka. Ya njano: ukiona nusu ya wanaokuzunguka wameondoka, ondoka. Ya kijani: subiri mpaka uone umebaki na wachache kabisa. Tukawapanga wauzaji uwanjani kama wanavyokaa gatini, tukagawa karatasi kwa bahati nasibu ili asiwepo wa kuona haya. Dokta Bwire alilazimishwa na akina mama aingie. Alipewa sehemu ya mkaanga samaki na karatasi nyekundu. Kisha Salma akamgusa bega binti mmoja muuza ndizi wa ukingoni, akamwambia, "Wewe umepata ndugu Geita. Nenda."

Binti akatoka. Dokta Bwire alikuwa jirani yake. Akatazama karatasi yake, akatazama watu, akashika kofia yake na kutimka. Uwanja mzima uliangua kicheko. Lakini waliokuwa wanacheka walianza kutazama karatasi zao, na miguu yao ikaanza kwenda. Nyekundu walikwisha, wakafuata wa njano, wakafuata hata wa kijani. Kicheko kilikuwa hakijaisha vizuri, na katikati ya uwanja alikuwa amebaki mtu mmoja, Mama Nyamizi, na karatasi yake ya kijani.

Aligeuka pande zote polepole.

"Haya," akasema. "Sasa mimi namkaangia nani?"

Hakuna aliyecheka tena. Upepo ulikuwa unapiga shuka yangu, na ng'ambo kule zilionekana nguzo. Nilimwona muuza chai mmoja, Mama Debora, amejiziba mdomo kwa kanga.

Mama Nyamizi akawaita wote warudi. "Tucheze tena. Safari hii asiondoke mtu kwa kuchungulia. Anayetaka kuondoka aseme kwanza kwa wenzake wa meza." Akamgeukia Salma. "Inaruhusiwa, mwanangu?"

"Inaruhusiwa, mama. Hata kwenye kompyuta tuliijaribu hivyo."

"Ikawaje?"

"Chezeni kwanza."

Walicheza. Kulikuwa na kelele sasa, si kukimbia. Wakaanga samaki walibishana, wauza ndizi wakabishana, kuna waliotaka kubaki na waliotaka kwenda leo. Mwishowe walihama kwa mafungu, wakaenda kusimama pamoja penye goli la upande wa barabara, wamebanana kama sokoni kweli. Hawakuja wote. Lakini ukiwatazama pale golini ungesimamisha basi. Hapo ndipo nilipowaeleza tulichokiona kwenye modeli, chote, pamoja na ile ya kwanza mbaya. Hakuna aliyeshtuka. Walikuwa wameshaiona kwa miguu yao.

Njiani kurudi, tulipofika Usagara, Dokta Bwire akasema, "Ile karatasi nyekundu. Nilijua ni mchezo, na bado nilikimbia." Alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. "Vijitu vyetu nilikuwa naviona vijinga kidogo. Miaka yote hii."

Msidhani mambo yaliishia hapo kwa makofi. Wiki hiyohiyo Mama Nyamizi alinipigia simu. "Mama Debora kaondoka. Kafunga chai yake, kaenda kufungua ng'ambo, karibu na njia ya daraja. Hakumwambia mtu."

Nilimwona Dokta Bwire na filimbi yake mbele yangu. Mama Debora alikuwa anapendwa, na meza yake ilikuwa katikati. Kama kuna meza ambayo ikiondoka inaweza kuzizoa nyingine zote, ilikuwa hiyo. Salma aliirudisha modeli, akakiondoa kijitu cha katikati. Soko likavunjika. Akairudisha tena. Likavunjika. Nikamwambia aizime.

Nilikwenda Busisi kesho yake nikitegemea kukuta gati tupu. Nilikuta moshi wa samaki, na meza zote ziko mahali pake, isipokuwa ile moja. Mama Nyamizi alikuwa hayupo. Alikuwa amevuka na wenzake wachache kumfuata Mama Debora. Nilisubiri gatini, nikidhani wamekwenda kugombana. Walirudi na kivuko cha mchana, wanaongea kwa furaha kama wanaotoka arusini.

"Mmemfanya nini?" niliuliza.

"Tumekunywa chai yake," Mama Nyamizi akasema. "Amelia, tumembembeleza. Hofu ilimzidi, hakulala tangu ule mchezo. Tumemwambia asirudi. Akae hukohuko atuangalizie: basi gani linasimama wapi, kivuli kiko wapi, maji yako wapi, nani ana eneo. Mtu wetu wa mbele."

Katika modeli yetu, kijitu kilichoondoka kilikuwa kimekwenda moja kwa moja. Hatukuwa na kanuni ya mtu kufuatwa, kubembelezwa na kupewa kazi. Salma aliiandika kanuni hiyo wiki ileile. Iko kwenye faili, mstari wake una jina la Debora. Msiufute.

Ilichukua muda mrefu kupata eneo. Waliunda umoja, ukaenda ofisi moja na kurudishwa nyingine. Nami nilikwenda nao mara chache, nikajifunza kwamba akina mama ishirini walioketi kimya kwenye korido ni hoja nzito kuliko ripoti yoyote niliyowahi kuandika. Walipewa mahali penye kituo cha mabasi upande wao wa Busisi, Mama Debora akavuka kurudi kwa wenzake, wakajenga vibanda kabla daraja halijakamilika. Kwa miezi kadhaa waliendesha pande mbili, mabinti gatini na mama kituoni, wakilaumiana kwa zamu.

Daraja lilipofunguliwa, kivuko kikanyamaza. Magari yalipita juu ya ziwa kwa mwendo ambao sisi tuliozeekea kwenye foleni tuliuona kama utani. Biashara ya wakaanga samaki na wauza ndizi ilishika. Ya wauza chai nayo ilishika, baada ya kuhangaika. Lakini wapagazi walitawanyika, na wachuuzi waliokuwa wanauza juu ya kivuko hawakuwa tena na mahali pa kusimama. Baadhi walikwenda migodini Geita, baadhi walinunua bodaboda, na wengine sijui walikwenda wapi. Modeli iliwaonyesha wakitoka nje ya ukingo wa ramani, na huko nje ya ramani hatukuwa na chochote. Nikiulizwa kazi gani imebaki, ni hiyo.

Dokta Bwire hakujaliwa kuuona usafiri wa daraja. Tulimzika kwao, na kaburini mwanawe alisoma wasifu mrefu wenye vyuo na shahada. Salma aliniinamia akaninong'oneza kwamba wamesahau kwamba aliwahi kuwa mkaanga samaki Busisi. Nilicheka msibani, Mungu anisamehe.

Siku yangu ya mwisho kazini ilikuwa ya kawaida. Umeme ulikatika wakati wa hotuba, kwa hiyo hotuba ilikuwa fupi. Salma sasa ndiye anayeshika kitengo, na kazi mpya mnaijua, ya mkaa na gesi huku kwetu Buhongwa. Nimeshamwambia jirani yangu mmoja asishangae akiona vijana wamekaa kibarazani kwake wanatazama jiko. Ninyi vijana, mkienda, msiseme mmekuja kukusanya takwimu. Ombeni maji ya kunywa, kaeni, na mtazame nani anamuuliza nani kabla ya kununua mtungi. Chajini simu zenu kabla ya kutoka. Vaeni viatu vya kawaida.

Mwezi uliopita nilialikwa kwenye kipaimara Sengerema. Basi lilivuka daraja, nikasinzia kidogo, na nilipofumbua macho tulikuwa tumeshasimama kituoni. Harufu ya samaki iliingia dirishani. Nilishuka. Vibanda vilikuwa vimezidi, kuna hata sura za vijana nisiowafahamu. Mama Nyamizi alikuwa amekaa, mjukuu wake mkubwa ndiye aliyeshika mwiko. Tulisalimiana kwa Kisukuma, tukaulizana afya za magoti yetu. Abiria wenzangu walikuwa wamejipanga mbele ya meza yake, na kama kawaida, aliyeshuka wa mwisho alikwenda moja kwa moja palipo na foleni.

Nilikuwa na swali ambalo sikuwahi kuthubutu kuliuliza nikiwa kazini. Nikamuuliza, "Hivi ile modeli yetu, dada, iliwasaidia kweli? Au mngefika hapa vilevile?"

Mama Nyamizi si mtu wa kukupa jibu ili ufurahi.

"Kuhusu kompyuta sijui," akasema. "Lakini kabla ya siku ile, kila asubuhi nilikuwa nafika gatini nahesabu nani hajaja. Mama Debora naye ananihesabu mimi. Wote tunahesabiana, tunachekeana, hakuna anayesema. Pale uwanjani niliona wenzangu wote wanakimbia, nikajua kumbe wote tulikuwa tunaogopa kitu kimoja." Alichagua sato mmoja mkubwa, akamfunga kwenye karatasi, akanipa. "Kuanzia kesho yake nikaacha kuhesabu."

Kondakta alikuwa anapiga bati la basi na kuita abiria. Nilipanda na samaki wangu wa moto, na dirishani nikamwona Mama Nyamizi anaelekea kibanda cha chai, ambako Mama Debora alikuwa ameshamvutia kiti.